Kashata za Nshamba: bibi anapika kwa masikio

Najua nimepotea. Likizo nzima nilikuwa nyumbani Nshamba, na tangu nirudi hapa Mlimani imekuwa ni mwendo wa kusajili kozi na kusubiri bumu. Wanaosoma chuo wanajua: bumu likichelewa mtu unakuwa mpole, unasalimia hata usiowajua. Mimi safari hii nina afadhali kidogo, maana nilirudi na kindoo cha kashata chini ya kitanda.

Basi juzi mwenzangu wa chumba, mtu wa Tanga, akafunua hicho kindoo, akachukua moja, akaigeuza geuza kama mtu anayekagua noti ya bandia.

"Hii ndiyo mnaita kashata?"

Nikamwambia ndiyo.

"Kaka, hizi ni karanga zilizogandishwa. Kashata ni ya nazi."

Ubishi ukaanzia hapo mpaka saa sita usiku, na kindoo kikashuka nusu. Watu wa pwani bwana, wanabisha huku wanatafuna! Mimi naona wote tuko sawa. Kwao nazi iko mlangoni, wanaikuna, wanaitia sukari na iliki, wengine na rangi, wanakata. Kwetu Kagera nazi inafika kwa lori, karanga ndiyo tunayolima. Wahindi nao wana ya kwao wanaiita chikki, karanga na sukari guru, ukiiona utadhani imetoka jikoni kwetu. Kilichomshangaza zaidi Mtanga wangu ni kwamba kwetu kashata haiendi na kahawa. Yeye hajui kashata isiyo na kikombe cha kahawa chungu pembeni. Nikamweleza kwamba sisi tunaoilima hiyo kahawa, mgeni akija tunampa akamwani, yaani buni zilizochemshwa na majani ya kunukia kisha zikakaushwa, anatafuna hivyohivyo. Kashata ni ya watoto. Na ni ya bibi zao, kwa maana nitakayoieleza, kwa sababu ndiyo iliyonila likizo yote.

Kwa msiofahamu, Nshamba ni wilaya ya Muleba, juu milimani ukitokea Muleba mjini. Migomba, mibuni, mvua, baridi ya asubuhi. Bibi yangu mzaa mama yuko hapo tangu alipoolewa, na kashata za kuuza alianza kupika wakati ambao hata sukari ya chai ilikuwa ya kuombea. Vita na Amin vilikuwa vimeisha 1979 vikaacha nchi mikono mitupu. Mwaka 1983 ikaja ile operesheni ya wahujumu uchumi, ukikutwa na sukari nyingi ndani unatakiwa ujieleze. Bibi anasema alikuwa akipata kilo moja kwa foleni ya nusu siku. Nusu kilo inabaki ya nyumba, nusu inaingia kwenye karanga. Karanga hazikuwa tatizo, alilima mwenyewe rweya.

Hapa niwaeleze kidogo wasio Wahaya. Kibanja, yaani ile migomba na mibuni inayozunguka nyumba, kimila ni cha ukoo na kinarithiwa kiumeni. Hela ya kahawa ikija ni ya baba mwenye nyumba. Rweya ni ile nyika ya majani iliyo nje ya vijiji, ardhi yake hafifu, na huko ndiko wanawake walikofungua vijishamba vyao vya karanga na njugu mawe. Kwa hiyo kashata ilikuwa hela ya mwanamke, imetoka kwenye ardhi ambayo hakuna mwanaume aliyeona haja ya kuigombania. Bibi hajawahi kuliweka hivyo, hayo ni mimi na usomi wangu. Yeye anasema tu, "Kahawa ni ya mzee, kashata ni yangu."

Mwaka huohuo wa 1983 ndio wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI Tanzania walipotambuliwa, na walikuwa mkoani kwetu. Yaliyofuata wengi mnayajua. Bibi alizika watoto watatu, wa tatu akiwa mama yangu, mimi nikiwa darasa la kwanza. Wajukuu wakabaki naye kwa awamu. Kwanza binamu zangu wakubwa ambao sasa wana familia zao, halafu mimi, halafu mdogo wangu wa mama mdogo ambaye yuko kidato cha pili. Nshamba hadithi hii si ya nyumba moja. Shirika la Kwa Wazee, linalowapa wazee pensheni ndogo ya kila mwezi, wengi wao mabibi wanaolea wajukuu, lilianzia hapohapo mwaka 2003. Kwetu hela ya namna hiyo ilikuwa ya chumvi na sabuni. Daftari zilitoka kwenye kashata. Shule ya msingi nilikuwa naenda na mfuko mkononi na kindoo kichwani, nauza wakati wa mapumziko, na mpaka leo kuna jamaa pale stendi hawanijui kwa jina lingine. "Kashata, umerudi?" Nimerudi.

Sasa mwaka huu nimefika nyumbani, namshika bibi mkono kumsalimia, naona macho yake yamekuwa meupe katikati. Mtoto wa jicho, pande zote mbili. Alikuwa ameshaonwa na daktari, akaambiwa upasuaji ni mfupi, jicho moja kwanza, anarudi nyumbani. Lakini kuna masharti: wiki kadhaa asikae kwenye moshi, asiinamie moto, asinyanyue kizito. Bibi hakuuliza bei wala hakuuliza kama inauma. Aliuliza nani atapika.

Mama mkubwa alimwambia, "Si uziache tu, mama? Umri umekwenda." Bibi akamjibu kwamba akiacha kwa wiki tatu watoto watazoea pipi za dukani, na mtoto akishazoea pipi harudi. Wadau, mimi nina kozi ya ujasiriamali kwenye transkripti yangu na sijawahi kusikia soko likielezwa vizuri namna hiyo. Na jambo lenyewe si mzaha. Ada ya sekondari ya kawaida ilifutwa tangu 2016, sawa, lakini sare, viatu, daftari na chakula cha mchana havikufutwa, na mdogo wangu anakua kwa kasi ya mgomba.

Kwa hiyo likizo yangu ikawa shule ya kashata, wanafunzi wawili. Baba mdogo alipita akanikuta mafigani akaguna, "Mwanaume mzima na mwiko!" Bibi bila kugeuka akamuuliza, "Huko chuoni anapikiwa na nani?" Akaondoka.

Haya, inavyopikwa. Karanga kilo moja zinakaangwa kavu kwenye sufuria pana, moto wa kuni mdogo, na hapo hakuna kuongea na jirani, unakoroga mpaka ganda jekundu lianze kupasuka. Unazimwaga kwenye ungo, zikipoa unazifikicha kwa viganja, unatoka nje kuzipepeta. Hii ndiyo kazi ninayoipenda, maganda yanaruka na kuku wanakuja kukagua. Bibi hataki karanga nzima nzima wala zilizosagwa. Anataka zigawanyike nusu, "ili sukari iingie ndani ya nyumba, isibaki uani." Halafu sukari, robo tatu ya kilo, na maji kikombe kimoja cha chai, na nusu ndimu.

Ile ndimu nilikuwa naiona tangu utoto nikidhani ni ya ladha. Kumbe ni kemia tupu. Sukari ya dukani ikichemshwa peke yake ina tabia ya kurudi punje, inaganda kama mchanga na hakuna kashata tena. Asidi ya ndimu inavunja sehemu ya sukari ile kuwa glukosi na fruktosi, na hizo zikichanganyika na sukari iliyobaki zinaizuia kujipanga punje punje. Nilimweleza bibi hivyo kwa lugha rahisi niliyoweza. Akasikiliza mpaka mwisho, akasema, "Eeh. Ndimu inazuia ugomvi."

Siri yote iko kwenye kujua ni wakati gani wa kutia karanga. Uji wa sukari hausimami kwenye nyuzi 100 kama maji. Kadiri maji yanavyotoka, joto linapanda. Kwenye 115 hivi, tone lake ukilidondoshea maji baridi linakuwa donge laini la kufinyanga. Kwenye 150 limebakiwa na maji kama asilimia moja tu, tone linakuwa kioo, ukilivunja linalia "ka!" Ukizidi kwenda, kuelekea 170, inakuwa rangi ya kahawa na ladha inaelekea uchungu. Kashata inataka pale kwenye kioo. Ukiitoa mapema inanata menoni, na kwa mvua zetu kesho yake imetoa jasho. Ukichelewa watoto wanatema. Na kutoka kwenye kioo hadi uchungu ni dakika chache mno.

Sasa huyu ni mtu asiyeona rangi ya kilichomo kwenye sufuria, na kashata zake hazikuwa zimebadilika. Nikamuuliza anajuaje.

"Nasikiliza inyamaze."

Mwanzoni sikumwelewa. Nikakaa, nikafumba macho. Kweli, mwanzo maji yakiwa mengi inachemka kwa fujo, sauti nyepesi ya haraka haraka kama mvua juu ya migomba. Baadaye povu linakuwa zito, linapasuka moja moja, po… po… po. Halafu kuna mahali inatulia, unadhani moto umezimika. Moto haujazimika, ni maji yamekwisha. Na hapohapo harufu inageuka, inaacha kuwa harufu ya utamu mtupu na inaanza kufanana kidogo na ya mkate unaookwa. Bibi anasema "sasa," karanga zinaingia.

Mimi ni mtu wa sayansi, sikuridhika. Rafiki yangu anayesoma mambo ya chakula kule SUA alikuwa ameniazima kipimajoto cha jikoni, nikaamua kumpima bibi. Kwanza nikapima maji matupu. Yalichemka kwenye nyuzi 95. Msishangae, Ziwa Victoria lenyewe liko mita 1,134 hivi juu ya usawa wa bahari, na sisi tuko milimani juu ya ziwa. Hewa ikipungua uzito, maji yanachemka mapema. Maana yake ni kwamba namba za vitabu vya mapishi, zilizoandikwa kwa usawa wa bahari, kwetu zinashuka kama nyuzi tano. Ile 150 ya kitabu ni 145 ya Nshamba. Mtu akipika kwetu kwa kufuata kitabu atapata kashata zilizopita kidogo na hatajua kwa nini.

Bibi akakaa kwenye kigoda, uso ameuelekeza mlangoni, mgongo kwa jiko. Aliposema "sasa," kipimajoto kilisoma 146. Jumamosi iliyofuata kilisoma 145. Ya tatu, 146 tena. Nilitoka nje nikasimama kibanjani peke yangu kwa muda. Mtu huyu hakumaliza hata darasa la nne, wadau.

Zilizobaki ni haraka haraka. Unageuza mchanganyiko kwenye sinia lililopakwa mafuta, unausambaza kwa chupa ya soda iliyopakwa mafuta pia, unakata ukiwa bado wa moto. Ukisubiri upoe utakata kwa shoka. Na mikono mbali, sukari ile ikikushika haitoki, inatoka na ngozi. Zikipoa zinaingia kwenye ndoo yenye mfuniko unaobana.

Turudi kwenye hela, maana huko ndiko kulikokuwa kunaniumiza kichwa. Likizo hii karanga nilinunua 4,000 kwa kilo (rweya bibi hawezi tena), sukari 3,000. Kwa hiyo sinia moja: karanga 4,000, sukari robo tatu 2,250, ndimu 100. Jumla 6,350, kuni za kibanjani hatuzihesabu. Bibi alikuwa anakata vipande 80 vya shilingi mia mia, inaingia 8,000. Kinachobaki ni 1,650. Jioni nzima ya moto na moshi! Na huo ni mwaka wenye nafuu. Mwanzoni mwa 2024, baada ya zile mvua za El Niño kuvuruga uvunaji wa miwa, sukari ilipita 4,000 kwa kilo sehemu nyingi nchini. Bibi anasema yeye alinunua kwa 4,500. Pigeni hesabu: sinia moja ilimwachia 525. Na kiwanda cha Kagera Sugar kiko mkoani kwetu, Misenyi. Alipika vilevile mwaka ule wote, asipoteze wateja.

Mimi na mdogo wangu tukaanza kutafuta njia. Ya kwanza kila mtu anaiona: sukari ni rahisi kuliko karanga, basi ongeza sukari punguza karanga, kama zile za kwenye pakiti. Bibi hakutaka hata tumalize sentensi. Ya pili, pandisha iwe mia mbili. Lakini mtoto wa shule ya msingi ana sarafu moja ya mia, hana mbili. Ukipandisha umemfukuza, ameenda kwenye pipi. Tulizunguka hapo siku mbili. Mwishowe mdogo wangu ndiye aliyesema, kwani lazima sinia zima likatwe sawa? Nusu tukate vipande 40 vya mia kama kawaida, vya watoto. Nusu nyingine tukate 24 vikubwa vya mia mbili, vya bodaboda na walimu, hao wanakula wakiwa na njaa. Inaingia 8,800, inabaki 2,450. Sinia lilelile, sufuria ileile. Bibi akapapasa vipande vya aina zote mbili, akavipima kiganjani, akakubali.

Lakini bado hakusema lolote kuhusu macho. Nikajua anasubiri kitu. Mimi "sasa" yangu ilikuwa nzuri tu, ila nilikuwa naisoma kwenye kipimajoto, na kipimajoto ni cha kuazima, nitaondoka nacho. Bibi alikuwa anamsikiliza mdogo wangu. Mara ya kwanza binti alisema "sasa" kwenye 131, bibi akatikisa kichwa. "Bado inaongea." Mara ya pili 138. Ya tatu alichelewa, wote tulinusa kabla hajafungua mdomo, tukala wenyewe na chai. Ya nne 143. Jioni ya tano mvua ilikuwa inanyesha juu ya bati, mimi sisikii chochote, nikajua leo haiwezekani. Binti akasogeza kigoda karibu kabisa na mafiga, akainamisha shingo. Akasema "sasa" na karanga zikaingia palepale, hakusubiri ruhusa. Kipimajoto, 145. Bibi alikuwa amefungua mdomo, akaufunga. Akaomba chai.

Asubuhi yake ndipo aliponiuliza, "Yule daktari alisema siku gani?"

Jicho la kwanza lilifanyiwa mwezi Oktoba, wiki moja kabla sijapanda basi la kuja Dar. La pili bado. Kwa sasa mdogo wangu anapika Jumatano na Jumamosi akitoka shule, bibi anakaa chumba cha mbele mbali na moshi, na mlango wa kupitia jikoni unaachwa wazi kidogo. Kwa nini uachwe wazi, hakuna aliyethubutu kumuuliza.

Jumapili alinipigia. Bandeji ilitoka zamani, anaona mpaka ng'ambo ya bonde, anaona majani ya migomba yalivyo ya kijani, anasema alikuwa amesahau. Nikamuuliza biashara. Akasema sinia la Jumamosi limekwisha lote isipokuwa nane, na hizo nane anazo yeye mkononi anaziangalia. Halafu akanyamaza kidogo.

"Mwana wange, hivi siku zote hizi mlikuwa mnazikata zimepinda namna hii, na watu wananunua?"

Nikamwambia, ee waitu.